Nani Amemliza Dada Yangu

Kama hujawahi kupiga muziki mbele ya watu kumi na wanne, wanane kati yao wamekuja kwa ajili ya bia tu, huwezi kujua Inès alikuwa na hasira ya namna gani. Miaka mitano! Miaka mitano yeye na wenzake wawili walizunguka baa za Hull, kaskazini mwa Uingereza, wakibeba spika zao wenyewe mgongoni, wakilala ndani ya gari, na Jumatatu wakirudi kazini macho mekundu. Bendi yao iliitwa Cold Tap, bomba la maji baridi, kwa sababu chumba walichofanyia mazoezi kilikuwa na bomba moja tu na halikuwahi hata siku moja kutoa maji ya moto.

Inès alipiga gitaa la besi na kuimba. Gareth, kijana mwenye haya asiyependa kutazamana na watu, alipiga gitaa. Lorna alikaa kwenye drams, tena ndiye aliyekuwa dereva, maana wenzake hawakuwa na leseni. Muziki wao ni ule uliozaliwa panki, ule muziki wa fujo wa vijana wa Uingereza, ilipoanza kuchoka: besi inatangulia mbele, gitaa linakwaruza kama mtu anayeburuta bati, na maneno yanasemwa kwa ukali zaidi ya kuimbwa. Si muziki wa kumbembelezea mtoto, hilo nakubali. Lakini walikuwa wazuri. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma, walikuwa wazuri hasa, na wenyewe walijua, na ndiyo maana kupuuzwa kuliwauma.

Basi mwaka 2011, mwezi wa tano, ukaja ujumbe kutoka Stockholm. Kampuni moja ya muziki ya huko ilikuwa imesikia rekodi yao, ikawaalika. Jumamosi saa kumi jioni bendi tatu zingepiga mbele ya waandishi wa habari na waandaaji wa matamasha, na moja tu ingechaguliwa kuzungushwa Ulaya, nchi kumi na moja. Gareth aliusoma ujumbe mara mbili, kesho yake akaacha kazi kwenye kiwanda cha kuunda karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari. Lorna alimwambia asubiri kwanza, kazi si nywele za kukata na kuota tena. Wapi! Walivuka na gari lao kwa meli mpaka Uholanzi, wakaikata Ujerumani na Denmark, na Jumatatu mchana wakaegesha chini ya ghorofa moja huko Bredäng, pembezoni mwa Stockholm.

Walifikia Bredäng kwa sababu ndiko alikoishi Concessa, mdogo wake marehemu mama yake Inès. Mama mdogo huyu alikuwa mfupi, mwepesi wa mikono, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, na mambo mawili hakuyafanyia mzaha: ibada ya Jumapili na tumbo la mgeni. Alizungumza Kiswahili na Inès, lugha waliyoizoea kambini Kigoma baada ya kukimbia Burundi mwaka 1993. Alizungumza Kiswahili na mwanawe Clovis pia, Clovis akamjibu Kiswidi, na maisha yakaendelea. Kwa Gareth na Lorna alizungumza Kiingereza cha maneno kama arobaini hivi, na kati ya hayo thelathini yalikuwa ya kuwaambia wale.

Jumanne yake ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Mtu wa kampuni, Mattias, alikuja kuwasalimu. Kijana nadhifu, mwenye miwani, mpole wa maneno. Kwa bahati mbaya ilikuwa saa ya Concessa kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, na kwa Waswidi saa ya kufulia ukiipoteza umeipoteza, utasubiri wiki. Inès akateremka na matandiko. Gareth na Lorna walikuwa wametoka kununua nyuzi za gitaa. Mgeni akabaki na mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba wa kwetu humfanyia nini mgeni wakati chai inachemka? Anampa albamu. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kochi la watu, albamu mapajani, anaambiwa huyu ni nani, yule aliolewa wapi, na huyu wa pembeni Mungu amrehemu? Ndiyo heshima yenyewe. Hutaki mgeni akae anatazama ukuta kama yuko zahanati. Concessa akamketisha Mattias, akamfungulia albamu, akaanza kumwelezea kwa Kiswidi chake, picha moja baada ya nyingine, wala hakuruka hata moja.

Walipofika kwenye picha ya Emérithe, mama yake Inès, Mattias aliinama kuitazama kwa karibu. Emérithe amesimama mbele ya kibanda cha turubai kule kambini, kichwa kakirudisha nyuma, mdomo wazi kwa kicheko, mkono kifuani. Inès wa miaka saba ameshika sketi yake na kukunja uso kwa ajili ya jua. Concessa akamwambia yote: walivyokimbia, walivyoishi, na kwamba mwaka uliofuata dada yake alikufa kwa kipindupindu. Mattias akauliza kama anaweza kuipiga picha hiyo picha kwa simu yake. Concessa akaona fahari. Kwetu mgeni akiipenda picha ya mtu wako, amempenda mtu wako, na kuna wageni wanaotoka na picha yenyewe. Akamwambia apige tu, hata mbili.

Inès alipopanda na kapu la nguo, alimkuta Mattias ameshasimama, anaaga kwa kupeana mkono, macho yamemlegea. Alimwambia Inès kwamba sasa ndiyo ameielewa bendi yake. Inès akafurahi. Miaka mitano alikuwa akisubiri mtu mmoja aseme maneno hayo.

Jumamosi walifika ukumbini saa saba kujaribu vyombo. Lorna ndiye aliyeona kwanza, akasimama mlangoni na ngoma mkononi, akasema jina la Inès kwa sauti ndogo.

Emérithe alikuwa ukutani. Alikuwa kwenye kuta zote nne, na juu ya jukwaa alikuwa mkubwa kuliko mlango. Walikuwa wamemkata kuanzia kiunoni, wakamtia giza, wakamfanya mweusi na mweupe, kibanda kimeondolewa na jua limeondolewa. Na lile cheko! Ukilitoa jua kwenye picha ile, ukautia weusi mdomo ule ulio wazi, na mkono ule kifuani, na mtoto yule aliyekunja uso, mama yule halii tu, anaomboleza. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa: KUTOKA KAMBINI HADI JUKWAANI. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, jina la bendi.

Inès aliweka gitaa lake chini. Alikuwa na vitu vichache vya mama yake, na kati ya hivyo vichache, kikubwa kilikuwa kwamba alimkumbuka anacheka. Watoto wengine wa kambini waliwakumbuka mama zao wamekaa mikono mashavuni. Yeye alikuwa na wake anayecheka, na ushahidi wa picha. Sasa mama huyo kanyang'anywa kicheko, kabandikwa ukutani, na nusu saa kabla ya saa kumi watu mia mbili watakuja kumhurumia.

Alimfuata Mattias nyuma ya jukwaa, damu inamchemka. Mattias hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alimsikiliza, akaomba radhi kama amemshtua, akasema mchoraji wao aliitia giza kidogo ili watu wahisi kitu. Akasema magazeti mawili yameshapiga simu, na redio. Inès akamwambia watu wahisi kitu wakisikia muziki. Mattias akavua miwani, akaifuta, akasema kwa upole uleule:

"Inès, bila hadithi hii ninyi ni watu watatu wenye vyombo. Nina watu watatu wenye vyombo kila wiki."

Akaeleza kwamba mabango ni sehemu ya mpango. Picha ile ingetumika nchi zote kumi na moja. Picha ikiondoka, safari haipo. Wanaweza kupiga leo, kwa kuwa ratiba imeshatoka, lakini itakuwa ni kupiga tu na kwenda nyumbani.

Inès alirudi kwa wenzake akawaambia. Lorna alitukana tusi moja refu la Hull. Gareth alikaa juu ya sanduku la spika, anatazama viatu vyake. Akasema wapige leo, wachukue safari, halafu wagombanie picha baadaye wakiwa na jina. Akasema hana kazi ya kurudia. Alisema kweli, na Inès alijua anasema kweli, na ilimuuma vilevile.

"Gareth, mama yako yuko wapi saa hizi?" akamuuliza.

"Nyumbani. Anaangalia televisheni."

"Wangu yule pale. Analia. Na hakulia."

Gareth aliinama akaanza kukaza nyuzi ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Hapo Inès alikuwa bado hajaamua, nisimpambe. Miaka mitano ni mingi. Alisimama pale akijiambia kwamba marehemu haoni, kwamba labda mama mwenyewe angemwambia, chukua nafasi mwanangu, upate. Alikuwa amefikia karibu kabisa na kukubali, na alijichukia kwa hilo, pale mlango ulipofunguliwa na Concessa akaingia.

Alikuwa amekuja mapema ili apate kiti cha mbele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, koti juu, pochi mkononi, na Clovis nyuma yake. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu mlinzi wa mlangoni kamwambia kuna picha ya familia yake ndani. Alitembea mpaka kwenye bango la karibu, akafungua pochi, akatoa miwani, akaivaa, akatazama. Akatazama tena. Tabasamu likaondoka taratibu. Akageuka, akawatazama wote waliokuwa ukumbini, mafundi wa taa, wapiga vyombo wa bendi nyingine, Mattias, kila mmoja. Akauliza kwa Kiswahili, kana kwamba wote wangemwelewa:

"Nani amemliza dada yangu?"

Inès alimwendea akamshika mkono, akamweleza kwa ufupi. Concessa alisikiliza mpaka mwisho. Aliguna mara moja tu, pale aliposikia kwamba ni ile picha aliyoitoa yeye mwenyewe, kwenye kochi lake mwenyewe, chai ikiwa jikoni. Kisha akamwendea Mattias na kusimama mbele yake, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya shati la yule kijana, akamwambia kwa Kiswidi, polepole, asikosee neno:

"Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mpiga picha, namwigiza karani aliyetugawia mahindi kambini, anavyotembea na tumbo lake. Mimi ndiye niliyemchekesha."

Mattias akasema samahani. Akasema hakujua. Concessa akamjibu kwamba alimweleza yote siku ile, saa nzima, na kama hakujua basi hakuwa anasikiliza, alikuwa anachagua.

Halafu akaweka pochi chini, akaanza kubandua. Hakurarua. Alianza kwenye kona, kwa kucha, akaifuata gundi taratibu mpaka chini, kwa sababu hata hivyo ulikuwa uso wa Emérithe na hakutaka uchanike. Inès akaenda kwenye bango la pili. Wasiwasi wote aliokuwa nao ulikuwa umemtoka, kabaki na hasira safi, ile isiyotetemesha mikono. Lorna akachukua la tatu, Clovis la nne, na lile kubwa la juu ya jukwaa Lorna alilipandia kwa ngazi ya mafundi, na fundi mmoja akaja kumshikia ngazi bila kuombwa. Gareth peke yake hakuinuka. Alibaki na gitaa lake mapajani, macho yamejaa maji, na Inès hakumlaumu. Mattias alisimama tu, mikono mifukoni, akasema kwamba basi, wameamua.

"Tumeamua," Inès akasema.

Walipiga wa mwisho. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wenye kadi shingoni na vijitabu mkononi, na wengi walikuwa wameshasikia kwamba bendi ya tatu ni ile ya msichana wa kambini. Inès alipopanda jukwaani, mwandishi mmoja wa mbele akamuuliza picha imekwenda wapi na kama atazungumza kidogo kuhusu maisha yake. Alikuwa mama mtu mzima, na aliuliza kwa adabu. Inès akautupia macho ukuta wa nyuma, ulikuwa mtupu, zimebaki alama za gundi. Akashika kipaza sauti.

"Mmeahidiwa hadithi. Hiyo ni ya nyumbani kwetu, haiko kwenye ratiba. Tuna nyimbo saba."

Wakaanza. Na walipiga, jamani! Walipiga kama watu waliozuiliwa mlangoni miaka mitano na leo mlango wameuvunja. Besi ya Inès iliingia vifuani mwa watu bila hodi. Lorna alivunja fimbo mbili. Wimbo wa tatu ulikuwa wa Gareth, aliutunga kiwandani, unawahusu wanawake wanaoshona mapazia ya karavani ambazo wao wenyewe hawatalala ndani yake hata usiku mmoja. Gareth aliupiga huku amewatazama watu usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Concessa alikuwa kiti cha mbele, vidole masikioni, amenyoosha shingo kama anayetazama mwanawe akipokea cheti. Hakuupenda muziki ule hata kidogo, na baadaye alisema hivyo, lakini alikaa mpaka mwisho wakati wenye kadi shingoni wengine walikuwa wanaingia na kutoka.

Makofi yalikuwa ya wastani. Wachache walipiga kelele, wengi walipiga makofi ya adabu. Safari ya nchi kumi na moja wakapewa vijana wanne wa Vällingby, mojawapo ya zile bendi mbili nyingine. Cold Tap walipakia spika zao wenyewe kwenye gari lao wenyewe, kama kawaida yao, na njia nzima mpaka Bredäng Gareth hakusema na mtu.

Kesho yake, Jumapili, walipotoka ibadani huko Hallunda, Concessa aliwaandalia meza ya sikukuu, na mchungaji naye angepita baadaye. Mbuzi, wali, mboga, ndizi za kukaanga, meza haina pa kuweka kiwiko. Walikuwa wameanza tu kula pale simu ya Inès ilipolia. Alikuwa Mattias, sauti imechangamka. Inès akaiweka simu katikati ya sahani, wote wasikie.

Mambo yamegeuka, Mattias akasema. Tangu jana usiku watu wanaandika kwenye mtandao kuhusu bendi iliyobandua mabango yake yenyewe. Gazeti moja linataka ukurasa mzima. Kampuni imekaa asubuhi hii na safari ni ya Cold Tap, vijana wa Vällingby watapewa wakati mwingine. Kitu kimoja tu: kesho waje studio wapigwe picha, wameshika yale mabango yaliyobanduliwa, Inès na mama mdogo wake. Bendi iliyosema hapana. Hakuna kambi, hakuna machozi, akasema. Hii hapa ni hadithi yao wenyewe.

Moyo wa Inès uliruka, siwezi kuficha. Nchi kumi na moja! Na bila kilio. Alimtazama Lorna, Lorna akamtazama Gareth. Wote wakamtazama Gareth, kwa sababu ndiye asiye na kazi, ndiye aliyekaa jana wenzake walipoinuka, na kila mtu mezani alijua anachotaka. Concessa hakuelewa Kiingereza chote, lakini aliyaelewa macho, akaacha kutafuna.

Gareth alifuta mikono yake, akaisogeza simu karibu.

"Mattias, ni Gareth. Jana ulikuwepo mwanzo hadi mwisho?"

Mattias akasema alikuwepo, kabisa, walikuwa moto.

"Wimbo wa tatu unahusu nini?"

Kilisikika kijiko cha Clovis kikigonga sahani. Mattias akaanza kusema kwamba wimbo wa tatu, ndiyo, ule wenye nguvu sana, kwamba kwa jumla nyimbo zote zinahusu mapambano. Gareth alimsubiri. Alimpa nafasi kubwa kuliko ambayo mimi ningempa. Alipoona Mattias amerudi tena kwenye habari za studio na saa ya kesho, alinyoosha kidole akakata simu.

Uso wa Gareth ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, na alionekana kama mtu aliyejitupa majini na ndiyo kwanza anasikia baridi. Concessa akamuuliza Inès kwa sauti ndogo kijana amesema nini. Inès akamtafsiria, neno kwa neno.

Concessa akavuta bakuli la mbuzi. Akatafuta humo kwa muda, akakipata kipande alichokuwa amemwekea mchungaji, akakiweka kwenye sahani ya Gareth.